Daftari la Miche ya Bwawani

Miche ilikuwa elfu mbili mia nne na kumi na saba. Niliihesabu mwenyewe, mara mbili, Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, nikiwa nimekaa juu ya kigoda ukingoni mwa bwawa la Makambako, daftari gotini na mwavuli begani. Kaya zilizoleta zilikuwa mia mbili arobaini na tatu, na kila kaya ilikuwa imeagizwa kuleta kumi. Hesabu ilipungua kwa miche kumi na mitatu, na kwa kuwa niliiandika kila kaya katika mstari wake, najua hadi leo ni akina nani waliopunguza. Nayaeleza haya mapema kwa sababu uangalifu huo ulikaribia kutukosesha bwawa.

Bwawa lenyewe wenyeji huliita ziwa, hasa wanapoandika barua za kuomba fedha. Liko upande wa chini wa mji, mahali ambapo maji ya mvua kutoka barabara kuu hukutana na kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu za Lyamkena. Nilipohamia hapo, baada ya miaka thelathini ya kufundisha Kilatini na historia katika seminari ndogo karibu na Njombe, maji yalikuwa bado yanafika kwenye jiwe moja kubwa jeusi la upande wa mashariki. Kila mwezi wa tano nilikwenda kuchora mstari wa chokaa mahali maji yalipoishia. Mwaka tulioanza kutafuta fedha, jiwe lile lilikuwa limesimama katikati ya majani makavu, hatua arobaini kutoka majini, na madereva wa malori walikuwa wakianika mashuka juu yake. Matope yalikuwa yameingia, magugu yakafuata matope, na vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo kwetu hakuna familia isiyozitamani, vikafuata magugu.

Fedha za kuliokoa zilitafutwa kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukumbuka. Ofisini tulijibiwa kwamba bwawa limo katika mpango, na miaka mitatu mfululizo tulijibiwa hivyo hivyo, na karani yule yule, kwa sauti ile ile. Katika harambee moja mgeni wa heshima alitoa ahadi iliyopigiwa makofi mara tatu. Tangu siku hiyo simu yake haijapatikana. Makanisa yote mawili, la Kilutheri na letu la Kikatoliki, yalinadi magunia ya viazi baada ya ibada, na viazi hivyo vikatununulia mafyekeo na reki, tukaipaka mipini yake rangi nyekundu ili itambulike. Mwaka uliofuata nilipita mbele ya nyumba moja ya wageni nikaona fyekeo lenye mpini mwekundu likifyeka majani ya uani.  Nilirudi nyumbani nikaandika siku, saa na mahali.

Wakati huo huo ulianza uvumi kwamba bwawa likikauka kabisa, eneo lake litapimwa viwanja vya maegesho ya malori. Kwa mtu anayeijua Makambako, njia panda ambako karibu kila lori la kusini hulala, uvumi huo haukuhitaji ushahidi. Nilianza kuwatazama watu kwa jicho la nani angependa bwawa life.

Taasisi moja ya wahisani ilipojitokeza hatimaye, iliweka masharti mawili. Kwanza, wananchi wapande miti kuzunguka bwawa lote, katika ukanda wa mita sitini kutoka majini, na taasisi ingetoa fedha kidogo za kusaidia kazi hiyo. Pili, mtaalamu wao angekuja baada ya masika. Akiridhika na ukanda huo, wangelipia kijiko cha kuchimba na malori ya kuzoa matope. Bila kijiko hapakuwa na bwawa. Hilo tulilielewa sote, hata wale waliosinzia mkutanoni.

Mwenyekiti wa kamati alichaguliwa haraka: mfanyabiashara wa mbao, Mkinga wa upande wa Tandala, mtu mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti. Yeye ndiye aliyenipendekeza niwe katibu.

"Mpeni mwalimu wa Kilatini kalamu," alisema. "Huyu haamini hata chenji ya sadaka."

Watu walicheka. Nikasimama na kujibu kwamba kalamu iliyotolewa na Mkinga lazima kwanza ikaguliwe kama ina wino.

"Wino umo, Mbena wewe," alinijibu. "Utakaokosekana ni uamuzi. Ninyi mtafikiri mpaka viazi viote ghalani."

Utani wa namna hiyo tulikuwa nao kwa miaka mingi. Aliwahi kuiuzia seminari mbao za madawati, na marehemu mke wangu alipolazwa hospitali ya Tandala, yeye, mwenyekiti huyu, alinipeleka kila Jumapili kwa gari lake, majuma saba, bila kutaja neno mafuta. Jambo hilo sikulisahau. Lakini sikusahau pia kwamba kiwanda chake cha kupasulia mbao kiko ukingoni mwa bwawa, na kwamba uzio wake, kwa macho yangu, ulikuwa umesogea kila maji yaliporudi nyuma. Siku chache kabla ya mkutano wa pili nilimwona asubuhi, akiwa na mpima ardhi, wameshika futi kamba kati ya uzio na maji. Waliponiona walianza kuikunja. Nilisalimia, "Kamwene," wakaitikia, na hakuna aliyeeleza lolote.

Ndiyo maana katika mkutano wa pili, mwenyekiti aliposema kwamba fedha za wahisani zinunue miche ya mivengi, ambayo ni miti ya kwetu inayoota kando ya vijito, nilinyoosha mkono.

"Miche hiyo itanunuliwa kitalu gani?" niliuliza.

"Kiko kimoja tu chenye mivengi ya kutosha hapa mjini."

"Cha nani?"

Alinitazama kidogo. "Cha mpwa wangu. Unakijua."

Nilikijua. Nilisema, kwa maneno niliyoyapanga usiku kucha, kwamba heshima ya kamati inadai fedha zisipite mikononi mwa ndugu wa mjumbe yeyote. Kwamba mhisani ameomba nguvu za wananchi, si nguvu za kitalu. Kwamba kila kaya ilete miche kumi kutoka kwake, iandikwe, ihesabiwe, na fedha zibaki benki hadi mtaalamu aje. Watu walipiga makofi. Mama mmoja jirani yangu, mjane anayelima kinyungu upande wa juu wa bwawa, alisema kwa sauti, "Mwalimu kasema kweli, miche tunayo tele nyumbani, ya kununua ya nini?" Hoja ikapita. Mwenyekiti aliinama kwenye karatasi zake na hakutania tena siku ile.

Siku ya kupanda tuliifanya mgowe, ile kazi ya pamoja ya wazee wetu ambayo mwenye shamba huwaita majirani na kuwapa kinywaji. Ulikuwa msimu wa mianzi kutoa ulanzi, pombe yetu, na ndoo zilikuja zimejaa. Walutheri waliomba togwa, wakapewa togwa, ingawa niliona baadhi ya vikombe vya togwa vikitoa povu lisilo la togwa. Miche ilifika katika magunia, ndani ya vyano, juu ya baiskeli. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikihesabu. Niliyaona majani yake, na niliisikia harufu yake, ile harufu kali ya dawa ya kifua, lakini nilikuwa nikitafuta mwizi, na sikuyapa majani nafasi katika fikra zangu. Kumi zangu mwenyewe zilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa daftari. Nilizitoa kijijini Kichiwa, kwenye shamba ambalo nalitegemea uzeeni.

Mwenyekiti alifika mchana, amechelewa. Alipita katikati ya mistari, akachuma jani moja, akalisugua kwa vidole.

"Umeihesabu?" aliniuliza.

"Mara mbili."

"Basi sawa, Katibu." Akalitupa jani, akaondoka. Niliandika pembeni mwa ukurasa: Mwenyekiti hakushika jembe.

Mtaalamu wa wahisani alikuja mwezi wa tano, wakati ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mpira, asiye na maneno mengi. Miche ilikuwa imefika kiunoni kwa urefu, mistari imenyooka. Nilikuwa na fahari. Alitembea hatua kama ishirini, akasimama, akatembea tena, kisha akageuka.

"Nani alichagua miti hii?"

 Nilifungua daftari na kumsomea idadi ya kaya, idadi ya miche iliyopandwa, na idadi ya iliyokufa, ambayo ilikuwa sitini na minane.

"Idadi sina tatizo nayo, mzee wangu," alisema kwa upole. "Lakini hii yote ni milingoti, yaani mikaratusi. Mmepanda milingoti kuzunguka maji mnayotaka yarudi. Itayanywa."

Nikasikia nyuma yangu mtu akisema polepole, "Ala." 

Si kwamba hatukujua. Mtoto wa darasa la nne wa mkoa wa Njombe anajua kwamba mlingoti haupandwi kwenye chanzo cha maji. Lakini ukimwambia mtu wa kwetu alete mti, mkono wake huenda wenyewe kwenye kitalu kilicho nyuma ya jiko, na kitalu hicho kina milingoti au misindano, yaani misonobari, kwa sababu mti kwetu ni ada ya shule, ni bati, ni jeneza la heshima. Watu mia mbili arobaini na watatu walileta walichonacho, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kukagua alikagua hesabu.

Mtaalamu alitupa muda hadi mwisho wa mwezi wa nane: milingoti yote ing'olewe, mivengi au miti mingine ya asili ipandwe na ionekane imeshika, na ukanda wa mita sitini uwe huru bila jengo wala uzio. Tukishindwa, kijiko kitapelekwa mji mwingine uliokuwa ukingoja zamu.

Nilidhani kung'oa kungekuwa kazi ya siku mbili. Kesho yake mlango wangu uligongwa na yule mama jirani.

"Mwalimu, nimesikia mnataka kung'oa miti yangu."

"Si miti yako, mama. Ni ya bwawa."

"Kwenye daftari lako nimeandikwa kumi. Jina langu lipo au halipo?"

"Lipo."

"Basi. Miti iliyoandikwa jina la mtu ni ya huyo mtu. Mwalimu mzima unataka kunifundisha kusoma?"

Kabla ya jua kuzama walikuja tisa wengine kwa hoja ile ile. Daftari nililolianzisha ili mtu asiibe lilikuwa limegeuka hati ya kumiliki ukingo wa bwawa. Na kwa kuwa hoja zao zilifanana mno, niliamini kuna mtu anayewapanga. Sikuhitaji kufikiri sana ni nani. Nani mwenye kiwanda ukingoni? Nani aliyepima na futi kamba? Nani hakushika jembe? Nilivaa koti, nikaenda.

Nilimkuta kiwandani, msumeno umezimwa, anakunywa chai juu ya rundo la mbao. Nilikataa chai. Nilimweleza shutuma zangu kwa utaratibu, ya kwanza hadi ya nne, kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi sababu za vita. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siku ile ya kupanda niliona ni milingoti. Mimi nauza mbao, Mwalimu. Mlingoti naujua hata ukiwa jivu."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema nini?" Aliweka kikombe chini. "Niseme mivengi ndiyo inayofaa? Mbele ya watu wale wale uliowaambia namtafutia mpwa wangu ulaji? Ungeandika pembeni ya daftari: Mwenyekiti bado anauza miche."

 Maneno ambayo kweli niliyaandika siku ile yalikuwa mfukoni mwangu, umbali wa shubiri moja kutoka moyoni.

"Na futi kamba?" niliuliza, kwa kuwa swali hilo lilikuwa halijajibiwa.

"Futi kamba ni mambo yangu."

"Mwenyekiti."

"Ni mambo yangu mpaka siku yake itakapofika. Sasa kunywa chai, imepoa."

Nilikunywa. Nilipotoka nilikuwa na hakika juu ya kosa langu, na sikuwa na hakika juu yake. Alinyamaza kwa aibu tuliyompa, au alinyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa mwenye uzio? Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kwenye matangazo baada ya misa, na mwenyekiti akasoma maneno hayo hayo kanisani kwao. Nilisema kwamba kosa la milingoti ni la katibu. Nilisema kwamba daftari liko sahihi: kila aliyeandikwa kumi ana kumi, na kila mmoja atarudishiwa kumi zake aende nazo kwake, atie sahihi kwamba amezipokea. Kisha Jumatatu nilikwenda na jembe, peke yangu, nikaanza na mstari wa kwanza, ambao ni wangu. Kung'oa mlingoti wa miezi mitano si kazi ya mtu wa umri wangu. Mzizi wake unajua unakokwenda.

Nilipofika mti wa nne, mama jirani alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Umenitilia safu ya sahihi?"

"Nimetia."

"Na imeandikwa amerudishiwa, haikuandikwa amenyang'anywa?"

Nilimwonyesha. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akachukua jembe mkononi mwangu. "Pumzika, mwalimu. Unachimba kama unatafuta sarafu."

Wengine nao walikuja kwa siku kumi na mbili, wakang'oa, wakafunga mizizi kwa matope ya bwawa, wakatia sahihi au dole gumba. Mingi ya milingoti hiyo, nasikia, ilikufa huko ilikopelekwa. Mivengi tuliinunua kwa fedha zilizokuwa benki, katika kitalu cha mpwa, kwa sababu hakikuwepo kingine. Nilidai risiti tatu, moja yangu. Tuliimwagilia kwa ndoo kipindi chote cha baridi, Walutheri siku zao, Wakatoliki siku zetu, kila upande ukihesabu ndoo za mwenzake.

Ulibaki uzio. Juma la tatu la mwezi wa nane mwenyekiti alinipitia nyumbani na futi kamba mkononi.

"Siku yake imefika," alisema. "Twende."

Alinipa ncha moja nisimame nayo majini, yeye akarudi nyuma akiifungua hadi kwenye nguzo zake. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mita hamsini na moja," alisema. "Hivyo ndivyo mpima ardhi alivyoniambia mwezi ule wa kwanza. Maji yakirudi panapostahili, mita zitapungua zaidi. Msumeno mkubwa uko ndani ya zile sitini. Nilitaka kwanza nijue kama kijiko kitakuja kweli, au nitavunja kiwanda changu kwa ajili ya ahadi ya makofi. Andika."

Niliandika hamsini na moja. Kisha nilimwomba tubadilishane ncha tupime tena. Alinitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaja kusimama majini na viatu vyake. Ilikuwa hamsini na moja.

Kesho yake asubuhi nilisikia nyundo tangu nyumbani. Sijui, na sidhani nitajua, kama angezing'oa zile nguzo bila mtaalamu kutaja uzio. Lakini aling'oa zote, zikarudi nyuma, na msumeno mkubwa ukalala nje chini ya turubai.

Kijiko kilifika mwezi wa tisa. Nilikaa juu ya jiwe jeusi, lililokuwa bado kavu, nikitazama tope jeusi likipanda na kuangukia ndani ya lori la kwanza. Mwenyekiti alisimama kando yangu.

"Tope zuri hilo," nilisema. "Mbolea tupu. Linapelekwa wapi?"

"Kitaluni kwa mpwa wangu," alijibu, bila kucheka.

Nilimtazama usoni, na usoni sikusoma kitu. Lori liliwasha taa, likapanda taratibu kuelekea barabara kuu. Sikulifuata. Namba yake, hata hivyo, niliiandika.